Tezi Isigeuke Omo

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imekaririwa mbele ya vizazi vingi vya wanafunzi hata ikakaribia kuchujuka. Kijana anayesimuliwa hapa aliisikia tangu shule ya msingi, akaiandikia insha, akatuzwa alama za kuridhisha, kisha akaisahau kama wasahauvyo wengi. Ilimrudia akiwa na umri wa miaka 24, amefungwa mkanda ndani ya ndege ndogo ya viti viwili, bawa la kulia limeinamia changarawe, pangaboi limesimama, na vumbi jekundu linateremka polepole juu ya kioo. Hakuwa na jeraha hata la ukucha. Lililoumia lilikuwa jambo jingine, nalo ndilo kiini cha insha hii.

Alikuwa kifungua mimba wa mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa Kenya. Karo ya urubani ni mzigo usiobebeka kwa pensheni ya mwalimu. Kwa hiyo baba aliuza kipande cha shamba, na jamaa na majirani wakachanga katika harambee. Kila saa aliyoruka, basi, ilikuwa na wenyewe. Leseni yake ya kwanza aliipatia jijini Nairobi katika ndege yenye gurudumu la puani, aina inayotumiwa na shule nyingi za urubani ulimwenguni. Hata hivyo, shauku yake ilikuwa kazi ya doria ya wanyamapori, na kazi hiyo nchini Kenya imefanywa kwa miaka mingi kwa ndege kama vile Piper Super Cub na Aviat Husky, ambazo gurudumu lake dogo liko mkiani. Ilimlazimu kujifunza upya. Akaenda katika kiwanja kimoja cha changarawe kwenye nyanda za Laikipia, akakabidhiwa kwa mwalimu mzee mzaliwa wa Lamu, mwana wa nahodha, aliyekuwa amerusha ndege za namna hiyo kwa zaidi ya nusu ya umri wake.

Huenda msomaji akajiuliza: mahali pa gurudumu moja dogo pana uzito gani hata pamfanye rubani mwenye leseni arejee darasani? Yeyote aliyewahi kusukuma toroli katika duka kubwa la kujihudumia anaweza kulifanyia jambo hili majaribio. Magurudumu ya mbele ya toroli hugeuka huku na huko. Ya nyuma yamekazwa. Ukilisukuma kama kawaida, toroli hushika njia. Ukiligeuza ili magurudumu yaliyokazwa yatangulie, ukalisukuma kwa nguvu kisha ukaliachia, halitakwenda mbali kabla ya kuzunguka na kujigeuza lenyewe. Ndivyo zilivyo ndege hizi mbili. Katika ndege ya gurudumu la puani, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makuu mawili. Ndege hiyo ikipinda kidogo inapokimbia ardhini, uzito wake huivuta irudi katika unyoofu. Katika ndege ya gurudumu la mkiani, kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ikipinda kidogo tu, uzito huo hutaka kuendelea na njia uliyokuja nayo, nao kwa kufanya hivyo huusukuma mkia nje zaidi. Kupinda huzaa kupinda. Rubani asipozuia mapema, mkia huipita pua, ndege huzunguka kama pia, bawa la nje hukwaruza ardhi, na mara nyingine mguu wa gurudumu hukunjika.

Hapo kale hali hii ilikuwa ada. Ndege zilizotua Nairobi katika miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa karibu zote za namna hiyo. Beryl Markham, aliyejifunza urubani nchini Kenya na ambaye mwezi Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, alilelewa kirubani na ndege za aina hii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watengenezaji walianza kuhamisha gurudumu. Cessna 172, iliyotolewa mwaka 1956, ilitokana na Cessna 170 iliyokuwa na gurudumu mkiani. Kutua kukawa kwepesi, na marubani wakaanza kusahau kazi ya miguu yao. Nchini Marekani, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1991 zinamtaka rubani apate mafunzo maalumu na idhini ya mwalimu kabla ya kukabidhiwa ndege ya gurudumu la mkiani. Pamoja na hayo, ndege hizi hazijatoweka. Pangaboi lake liko juu zaidi ya mawe na nyasi. Hazina gurudumu la puani la kuvunjikia katika shimo la ngiri. Nazo hutua mahali pafupi na pabaya. Mbugani, sifa hizo ni muhimu kuliko wepesi wa kutua.

Mwalimu yule mzee alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Vitabu vya urubani vilikuwa vya Kiingereza, na taarifa zote ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini alipotaka jambo limwingie mwanafunzi damuni alihamia Kiswahili cha baharini. Pua ya ndege aliiita omo. Mkia aliuita tezi. Wanafunzi wa bara waliokuwa wamekutana na maneno hayo katika methali isemayo ‘enda tezi na omo, marejeo ni ngamani’ walishangaa kuyakuta yakifanya kazi katika mwanga wa mchana. Mzee hakuona ajabu yoyote. Neno rubani lenyewe, alikumbusha, halikuzaliwa angani. Kabla ya ndege kuonekana katika upwa huu, rubani alikuwa mtu aliyekiongoza chombo kupita baina ya miamba na mafungu ya mchanga mpaka bandarini. Usukani nao ulikuwa wa jahazi, umetundikwa tezi, kama vile usukani wa ndege ulivyo mkiani.

Mfanano huo haukuwa pambo la maneno. Usukani wa jahazi hauna nguvu zake wenyewe. Hukopa nguvu kwa maji yanayoupitia. Jahazi likipoteza mwendo, nahodha anaweza kuugeuza usukani apendavyo na chombo kisisikie. Usukani wa ndege nao hukopa kwa upepo. Ndege inapogusa ardhi ikiwa na mwendo, kibao kile cha mkiani bado kina enzi. Inapozidi kupunguza mwendo, enzi hiyo huyeyuka. Hapo rubani hubakiwa na gurudumu dogo la mkiani, na breki ambazo zikikanyagwa kwa pupa zinaweza kuipindua ndege kifudifudi. Hivyo basi kipindi ambacho mgeni angekidhani salama kabisa, ndege ikiwa imekwisha kutua na mwendo umeanza kufifia, ndicho kipindi ambacho rubani ana silaha chache zaidi mkononi.

Yote haya kijana aliyajua. Aliyaandika katika daftari, akayapigia mstari. Alitua mara nyingi na mwalimu akiwa kiti cha nyuma, hata siku moja ya Februari mzee akashuka, akafunga mkanda wa kiti kitupu, akamwambia aende peke yake mara tatu.

Mara ya kwanza na ya pili zilikuwa njema. Mara ya tatu alikuja akielekea kusini, upepo wa mashariki ukimpiga ubavu wa kushoto. Haukuwa upepo wa kutisha. Mfuko wa kitambaa uliotundikwa mlingotini ulikuwa umejaa nusu, umetulia. Kiwanja kilikuwa kwenye mwinuko wa meta 1,800 hivi, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege hugusa ardhi kwa mwendo unaozidi ule wa pwani kwa karibu asilimia 9. Nguvu iliyomo katika mwendo huo huzidi kwa karibu asilimia 19. Kijana alilijua hilo pia. Alilaza bawa la kushoto kidogo kuelekea upepo, akakanyaga pedali ya kulia kuinyoosha pua, akagusa kwa upole ambao hakuwa amewahi kuupata. Magurudumu yalikimbia juu ya changarawe kwa sauti tamu. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya mgunga, akitazama. Kijana aliona kwa pembe ya jicho kwamba mzee anatazama, akafurahi. Alianza kutunga moyoni maneno ya kumwambia baba yake jioni.

Miguu ikalegea. Fimbo ya mkononi, iliyopaswa kubaki imevutwa nyuma na kuinamishwa upande wa upepo, ikarudi katikati yenyewe. Upepo ukausukuma mkia kuelekea kulia; pua ikageuka kushoto kiasi cha upana wa kidole. Aliliona. Alidhani litajirekebisha. Pua ikageuka kiasi cha kiganja. Alikanyaga pedali ya kulia, lakini usukani ulikuwa umekwisha kupungukiwa na upepo. Alikanyaga breki. Wakati huo tezi ilikuwa imeamua kuwa omo. Dunia ilizunguka mbele ya kioo: mgunga, mlima, banda, mgunga tena. Kishindo kikafuata, kisha kimya.

Mzee alikuja kwa hatua ndefu, si kwa mbio.

“Umeumia, mwanangu?”

“La, Mwalimu. Upepo umenizoa.”

“Alhamdulillahi. Zima kila kitu, ushuke, tutembee kidogo.”

Walirudi nyuma wakifuata alama za magurudumu. Changarawe ilikuwa imezihifadhi kama mstari wa kalamu juu ya karatasi: mistari miwili mikuu na mmoja mwembamba katikati yake. Mahali pa kugusa palionekana wazi. Mistari ilinyooka kwa mwendo mrefu, kisha ikaanza kupinda, kwanza kidogo mno hata mtu angehitaji kuinama ili aone. Mzee aliinama, akaweka fimbo yake hapo.

“Hapa ndipo ilipoanza. Hesabu hatua mpaka pale breki iliposhika.”

Kijana alihesabu. Zilikuwa hatua 19.

“Katika hatua hizo zote miguu yako ilikuwa wapi?”

“Ilikuwa imepumzika, Mwalimu.”

“Na wewe mwenyewe ulikuwa wapi?”

Kijana alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Nilikuwa nimeshafika.”

Mzee alitikisa kichwa, bila hasira. “Marehemu baba yangu alikuwa akiingia Lamu jioni, mji uko pale, watu wa pwani wanawaita mabaharia kwa majina. Sisi watoto chomboni tunarukaruka. Yeye usukani hauachi. Akisema, jahazi halijafika mpaka litie nanga. Upepo ulikuwapo, mwanangu, sikatai. Upepo huwapo siku zote. Ndiyo sababu chombo kikapewa usukani.”

Jioni hiyo ilimpasa kijana kuandika ripoti. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa. Bawa lingehitaji kutengenezwa, mguu wa gurudumu kubadilishwa, na ndege ingekaa bandani kwa majuma kadhaa. Fedha za harambee zilikuwa zimekaribia kwisha. Akiandika kwamba dhoruba ya ghafla ilimpiga, jambo lingehesabiwa kuwa ajali ya maumbile, na jina lake lingebaki safi machoni pa watu waliouza na kuchanga kwa ajili yake. Nani angebisha? Alikuwa peke yake ndani ya ndege. Alama za changarawe zingefutwa na mvua ya kwanza. Rasimu ya kwanza aliiandika hivyo: upepo wa ghafla, ndege kukataa usukani, rubani kufanya alichoweza.

Mzee aliisoma chini ya mwanga wa taa, akairudisha juu ya meza. Badala ya kuikosoa, alisimulia kisa cha Amelia Earhart. Tarehe 20 Machi 1937 mwanamke huyo mashuhuri wa Marekani alikuwa Honolulu, tayari kuendelea na safari ya kuizunguka dunia. Ndege yake, Lockheed Electra ya injini mbili, nayo ilikuwa na gurudumu mkiani. Ilipokuwa ikikimbia ili ipae, iliyumba, ikapoteza mwelekeo, magurudumu yakavunjika, ikaburuza tumbo juu ya njia. Hakuna aliyeumia. Ndege ilirejeshwa California kwa meli, ikatengenezwa, na safari ikaanzwa upya kwa mwelekeo wa kinyume, kutoka magharibi kwenda mashariki. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo ilipotelea katika Pasifiki pamoja na Earhart na mwelekezi wake, Fred Noonan. Kuhusu siku ya Honolulu, wapo waliosema kwamba gurudumu lilipasuka, na wapo waliosema kwamba rubani alizidisha marekebisho.

“Mimi sikuwapo,” mzee alisema, “na wewe hukuwapo. Kila upande una lake la kusema. Lakini leo asubuhi ulikuwapo.” Akachukua bakora yake, akaenda kulala.

Kijana alibaki na taa. Ikiwa ataandika kwamba upepo ulimshinda, basi hakuna cha kujifunza, kwa kuwa upepo hauamriwi na mtu. Atakayerusha ndege ile baada yake ataisoma ripoti, ataogopa upepo, na atailegeza miguu palepale alipoilegeza yeye. Ikiwa ataandika kwamba miguu ililegea, basi kosa lina mahali pake, nalo linaweza kurekebishwa. Ukweli, ingawa ulikuwa mchungu, ndio pekee uliokuwa na matumaini ndani yake. Usiku wa manane alichana rasimu ya kwanza. Ya pili ilikuwa fupi: upepo ulikuwa wa kawaida, ndege ilianza kupinda hatua 19 kabla ya breki kutumika, rubani aliona mapema, akachelewa kutenda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kudhani kwamba ametua.

Kumpigia baba simu kulikuwa kugumu kuliko kuandika. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya mama, ng'ombe na mahindi. Kisha akasema: “Baba, nimeharibu ndege. Haikuwa bahati mbaya. Nililegea.”

Upande wa pili palikuwa na ukimya. Hatimaye mwalimu yule mstaafu aliuliza kama ameumia, akashukuru Mungu, akanyamaza tena. “Nimefundisha miaka mingi,” alisema. “Mwanafunzi aliyeniletea kosa lake mwenyewe kabla sijaliona, huyo sikuwahi kuwa na wasiwasi naye. Fedha zitatafutwa. Rudi darasani.”

Alirudi. Kwa majuma yale ya kungoja alifundishwa mambo ambayo yanaonekana ya kitoto. Aliketi katika ndege nyingine iliyozimwa na kujizoeza kuzitikisa pedali kwa miguyo midogomidogo ya mfululizo, kama fundi wa cherehani, maana mkanyago mkubwa mmoja uliochelewa huleta mpindo wa upande wa pili. Alizoezwa kutazama mwisho wa njia badala ya kuitazama pua, kwa kuwa jicho lililotupwa mbali huona mpindo ungali mdogo. Aliendesha ndege ardhini, mkia ukiwa juu, kisha ukiwa chini, upepo ukiwa wa kushoto, kisha wa kulia. Alifundishwa kwamba mguso ukiwa mbaya anaweza kuongeza nguvu ya injini na kupaa tena ikiwa bado ana njia na mwendo wa kutosha, na kwamba hakuna aibu katika hilo. Jambo moja lilirudiwa hata likamchosha: fimbo hupelekwa upande wa upepo kadiri mwendo unavyopungua, wala hairejeshwi mpaka ndege isimame.

Wataalamu wa istilahi watauliza tukio hili liitweje kwa Kiswahili. Wapo watakaotafsiri neno la Kiingereza silabi kwa silabi, na watapata fungu la maneno lisilomwonyesha msikilizaji kitu. Mzee wa Lamu hakuwahi kuhudhuria kongamano la istilahi. Alisema tu kwamba tezi imegeuka omo, na mtoto wa mvuvi wa Faza angemwelewa papo hapo, hata kama hajawahi kupanda ndege. Hazina ya mabaharia, ambayo mara nyingi hukutwa katika ushairi wa kale na katika maelezo ya chini ya kurasa, bado inaweza kubeba mizigo mipya. Kinachohitajika ni mtu wa kuishusha kutoka rafuni.

Mwezi Aprili, mawingu ya masika yakianza kujikusanya juu ya mlima, kijana alikwenda tena peke yake. Upepo ulikuwa wa ubavuni, wenye nguvu kuliko ule wa Februari. Aligusa kwa gurudumu la kushoto kwanza, kisha la kulia, kisha la mkiani. Mguso haukuwa mzuri kama ule wa siku ya ajali. Ndege ilidunda kidogo. Miguu haikulegea. Alipita mahali palipokuwa na zile alama, ambazo sasa zimefutika kabisa, akaendelea mpaka chini ya mgunga, fimbo ikiwa imevutwa nyuma na kulazwa upande wa upepo. Ndege ilisimama. Injini ikazimwa. Pangaboi likakoma kuzunguka.

Mzee alikaribia, akachungulia dirishani. Miguu ya kijana ilikuwa ingali inacheza juu ya pedali, kushoto, kulia, kushoto, ingawa ndege haikuwa ikienda popote.

“Basi, mwanangu,” alisema akicheka. “Nanga imeshuka.”